Namna ya Kukutana Tena na Mfanyabiashara Mwenzako wa Zamani Ukumbini

Katika miaka ya karibuni wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wamepotezana kwa sababu nyingi. Waliokuwa wakisafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo walikatiwa safari mwezi Machi 2020, China ilipofunga mipaka yake kwa wageni, na karantini kwa wasafiri haikuondolewa mpaka Januari 2023; katika kipindi hicho wengi waliokuwa wakichangia kontena moja walirudi mikoani, wakabadili biashara au wakaachia fremu za maduka waliyopanga. Muda mfupi kabla ya hapo, kuanzia Januari 20, 2020, laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na namba ambazo watu walikuwa wamezizoea kwa miaka zikaacha kupatikana. Kisha usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo likaungua. Kwa hiyo si ajabu leo mtu kuingia katika ukumbi wa harusi Sinza au Mbezi, akaonyeshwa kiti chake, akakuta kwamba aliyeketi upande wa pili wa meza ni yule waliyekuwa wakipeana mali kauli, yaani mzigo wa kukopeshana kwa neno tu, miaka kadhaa iliyopita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekutwa na jambo hilo bila kujiandaa. Msimamo wangu ni kwamba usiku ule unatosha kwa kumpata mtu tu, na kwamba kila linalohusu biashara, liwe jema au chungu, lisubiri siku nyingine na mahali pengine. Wenye harusi wamekusanya michango kwa miezi, kamati imekesha ikipanga, na hakuna mgeni mwenye haki ya kuugeuza ukumbi wao kuwa duka au baraza la usuluhishi.

Anza kwa kumwondolea mwenzako mzigo wa kukumbuka. Hata kama wewe umemtambua mara moja, yeye huenda amekutana na mamia ya wateja tangu mlipoachana, na hakuna jambo linalomfedhehesha mtu mzima kama kuulizwa mbele ya watu, “Umenisahau?” Jitambulishe mwenyewe kwa jina, kisha taja mahali na bidhaa, kwa sababu wafanyabiashara hukumbukana kwa mzigo kuliko kwa sura: “Mimi ni fulani, tulikuwa tukichukua vitenge pamoja Mtaa wa Kongo.” Salamu itangulie utambulisho huo, na iwe salamu kamili. Kama amekuzidi umri, mwamkie shikamoo hata kama zamani mlikuwa mkiitana “tajiri” au “bosi” kwa utani wa dukani. Pale ukumbini huenda ameketi na wakwe zake au na watoto wake wakubwa, na jina la utani la sokoni halimstahili mbele yao. Kwa mwanamke uliyemfahamu kwa jina la mtoto wake, jina hilo hilo, Mama fulani, ndilo la heshima na ndilo salama.

Yapo maswali ambayo kwa kawaida huonekana ya upendo, lakini katika mkutano wa namna hii yanaumiza. Usiulize moja kwa moja, “Mke wako hajambo?” wala “Yule mzee wako aliyekuwa akikaa kaunta yupo?” kwa kuwa hujui nani amefariki na ndoa ipi imevunjika, uliza “Nyumbani hawajambo?” kisha mwache aseme anachotaka kusema, na akikutajia msiba, mpe pole papo hapo kabla ya neno jingine. Vilevile, “Umepotea sana!” ni maneno ya mapenzi kwa rafiki, lakini kwa mtu aliyefunga fremu kwa hasara au anayedaiwa, yanasikika kama shutuma. Usimuulize yuko duka gani siku hizi. Akiwa na duka, atakwambia mwenyewe ndani ya dakika mbili.

Chagua wakati. Wakati maharusi wanaingia, wakati MC anaita meza kwenda kutoa zawadi, na pale kwenye foleni ya chakula, salimia kwa kichwa na mkono tu, kisha urudi kwake baada ya chakula watu wanapoanza kusimama. Ikiwa yeye ni mwanakamati au ni wa upande wa familia, ana kazi usiku huo na macho yake yako mlangoni. Dakika mbili zinatosha. Ukimtambulisha kwa mwenzi wako, sema, “Huyu ni ndugu yangu, tulifanya kazi pamoja Kariakoo,” usiongeze kwamba ndiye yule aliyeunguliwa na mzigo au aliyepigwa mnada. Watu wengi wanaoharibu mkutano kama huu hawana nia mbaya. Huponzwa na furaha ya kusimulia.

Sasa tuje kwenye deni, ambalo ndilo linalofanya mikutano hii iogopwe. Mali kauli ni utaratibu wa kuaminiana: mwenye duka la jumla anakupa mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha fedha. Biashara ilipokatika ghafla, madeni mengi ya aina hiyo yalibaki hewani, mengine hayakuwahi kuandikwa popote zaidi ya kwenye daftari la muuzaji. Mdai na mdaiwa wanapokutana ukumbini, kila mmoja anafahamu kwamba mwenzake anakumbuka.

Kama wewe ndiye mdai, usilitaje deni usiku huo, wala usimtume mtu alitaje kwa niaba yako, wala usimnong'oneze jirani yako mezani. Najua ni sharti gumu, hasa unapomwona mtu huyo amevaa vizuri na anainuka kutoa zawadi ya thamani. Lakini suti inaweza kuwa ya kuazima, na mchango ule huenda aliuahidi mbele ya ukoo na ameukopa ili asiaibike. Mavazi ya harusini si ushahidi wa uwezo wa mtu. Kwa Waislamu, Qurani katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaelekeza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na sioni mtu anavyoweza kuijua dhiki ya mwenzake kwa kumtazama akicheza muziki. Unachokihitaji usiku huo ni kimoja tu, nacho ni njia ya kumpata kesho. Mdaiwa aliyesalimiwa kwa heshima hutoa namba yake ya kweli, ilhali aliyetahayarishwa hutoa yoyote inayomjia mdomoni.

Kama wewe ndiye mdaiwa, usijifiche nyuma ya nguzo wala usiondoke kabla ya chakula. Nenda wewe kwanza. Msalimie, mvute pembeni kidogo, useme sentensi moja: “Lile jambo letu sijalisahau, nitakupigia Jumanne tulizungumze.” Taja siku, kwa sababu “tutaongea” ni neno ambalo mdai yeyote amelisikia mara nyingi mno. Usianze kueleza jinsi kontena lilivyokwama bandarini au jinsi mshirika alivyokimbia. Maelezo hayo yana haki ya kusikilizwa, na yatasikilizwa Jumanne. Usimpe fedha mkononi mbele ya watu pia, kwani unamtangaza kuwa alikuwa anakudai.

Siku ya mazungumzo yenyewe ikifika, andikeni. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inataka deni la muda maalumu liandikwe, na sheria ya nchi inakwenda upande huo huo. Tanzania, kama Kenya, inampa mdai miaka sita ya kufungua shauri linalotokana na mkataba, ikihesabiwa tangu haki ya kudai ilipoanza. Mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake, kabla ya muda huo kwisha, hesabu ya miaka huanza upya. Mdai anayeona miaka sita inakaribia asiharakishe jambo ukumbini kwa hofu hiyo, bali wiki inayofuata aombe karatasi moja yenye jina, kiasi, tarehe na saini za wote wawili, na ikiwa kiasi ni kikubwa amwone wakili. Naye mdaiwa asaini akijua anachosaini. Kuandikiana huku kunapunguza ugomvi kwa pande zote mbili, kwa kuwa mara nyingi wanachobishania watu baada ya miaka ni kiasi kilichobaki, hata pale ambapo wote wanakubali kwamba deni lipo.

Wapo pia waliotapeliana waziwazi. Huyo unaweza kumpa salamu na kuishia hapo. Hulazimiki kumpa namba wala kuketi naye. Lakini ukisikia anatambulishwa kwa mpwa wako kama mtu wa kushirikiana naye katika biashara, zungumza na mpwa wako nyumbani, ukiwa na risiti na nyaraka zako, na umweleze yaliyokupata wewe tu bila kuongeza uliyoyasikia kwa wengine.

Msibani mambo hubadilika kidogo. Pale hata namba usiombe siku ya mazishi. Toa pole, kaa na wafiwa, na umtafute mwenzako baada ya tanga kuanuliwa.

Tukirudi harusini, namna ya kuchukua namba ina umuhimu wake. Usiichomoe kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi bila kumuuliza mwenyewe, kwani namba ile ilitolewa kwa ajili ya harusi. Iombe, mpigie papo hapo simu yake iite mara moja, kisha uihifadhi kwa jina pamoja na bidhaa, kwa mfano “Fulani vitenge Kongo”, ili wote wawili mjue ni nani miezi mitatu baadaye. Kesho yake mchana, tuma ujumbe mfupi usio na ombi lolote: “Asalaam alaikum kaka, ni fulani tuliyekutana jana ukumbini. Nimefurahi kukuona. Ukipata nafasi wiki hii nitakupigia nikusalimie vizuri.” Usiambatishe picha za bidhaa wala orodha ya bei, na kwa hali yoyote ujumbe wako wa kwanza usiwe kadi ya mchango wa harusi yenu. Mtu aliyepatikana Jumamosi na kuombwa mchango Jumatatu ataamini kwamba ndiyo sababu aliyosalimiwa.

Mkishapigiana simu na kukubaliana kuonana, epuka asubuhi, ambayo wenye maduka ya jumla huhudumia wateja wa mikoani wanaokimbilia mabasi. Alasiri ni tulivu zaidi. Na ikiwa mazungumzo yataelekea kwenye biashara mpya, mchukulie kama mtu mpya katika mambo ya fedha hata kama ni ndugu katika mambo ya moyo. Masharti ya zamani yamekwisha. Kampuni mliyoifahamu huenda ilibadili wamiliki, na hilo unaweza kulithibitisha kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni. Bei na kodi za fremu zimebadilika. Na aliyekuwa akisimamia stoo pengine hayupo. Anzeni na mzigo mdogo wa fedha taslimu wenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mfanye hivyo mara mbili au tatu, ndipo mfikirie mali kauli, na safari hii iandikwe. Mwenzako asiyetaka kuandika kwa sababu “sisi tunajuana” anakuomba umwamini kwa kumbukumbu za miaka ambayo hamkuwa pamoja, na hapo ni bora kubaki marafiki wa kusalimiana.

Huenda pia asijibu ujumbe wako kabisa. Tuma mwingine mmoja baada ya wiki mbili, kisha uache. Usimpigie kwa namba tofauti, wala usiende kwa wenye harusi kuuliza anakaa wapi, kwa maana utawaingiza katika jambo wasilolijua. Huenda anauguza, huenda anaona haya juu ya hali yake, au hataki tu kurudi katika kipindi kile cha maisha yake, na ana haki hiyo. Mkikutana tena katika harusi nyingine, msalimie kama ulivyomsalimia mara ya kwanza, bila kumuuliza kwa nini hakujibu.