Kupima moyo wa mzazi siku ya chanjo ya mtoto

Mama akishajifungua, kwenye zahanati zetu nyingi macho yote huhamia kwa mtoto. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa, mama anaambiwa arudi tarehe fulani. Lakini ugonjwa wa moyo kutanuka unaoletwa na ujauzito hujitokeza hasa kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa 5 baada ya kujifungua, na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinaangukia humo humo. Kwa hiyo usianzishe siku mpya ya kliniki, mama atakosa nauli. Weka mashine ya presha pembeni ya mzani wa watoto.

Kwanza mtoto ashikwe na mtu mwingine. Presha ya mama anayenyonyesha huku anajibu maswali haiaminiki. Akae dakika 5, ameegemea, nyayo chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Sleevu ikikunjwa hadi ikabana bega, bora aitoe. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha ni wa mkono wenye mzingo wa sm 22 hadi 32. Ukiulazimisha kwenye mkono mnene zaidi, presha itasoma juu kuliko ilivyo. Pima mara mbili, upishe dakika 1.

Ukimuuliza "una tatizo la moyo?" atajibu hana. Muulize analalia mito mingapi, kama usiku anashtuka akitafuta pumzi, kama kikohozi kinamzidi akilala chali, kama ndoo ya maji aliyoimudu majuzi sasa anaitua njiani. Kisha bonyeza kidole gumba juu ya ugoko kwa sekunde 5 uone kama shimo linabaki. Wajawazito wengi huvimba miguu, ila uvimbe unaoongezeka wiki kadhaa baada ya kujifungua si wa kupuuza.

Wengi hupotelea hapa: mama anapewa vidonge vya kuongeza damu au dawa ya nimonia, akirudi anaongezewa dozi. Upungufu wa damu na moyo dhaifu vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, kwa hiyo damu ikisoma chini, swali la moyo bado lipo. Presha nzuri nayo haiondoi shaka. Anayekosa pumzi akilala anahitaji ECHO, yaani ultrasound ya moyo. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya kifua vinasaidia, lakini nguvu ya moyo kusukuma damu huonekana kwenye ECHO.

Presha ya 140/90 na kuendelea aonwe na daktari. Ikifika 160/110 ni siku hiyo hiyo, hata kama anasema hajisikii vibaya. Anayehema akiwa ametulia mkalishe wima, mpe oksijeni ikiwepo, utafute gari. Usimlaze chali.

Rufaa iliyoandikwa "moyo?" tu humrudisha mama kwenye foleni ya mapokezi. Andika tarehe ya kujifungua, presha zote mbili, mapigo kwa dakika, idadi ya mito, dawa na dozi zake, halafu ombi lenyewe: "ECHO, kuangalia kama moyo umeshindwa kufanya kazi baada ya kujifungua." Piga simu hospitali ya mkoa ujue siku ya kliniki ya moyo na kama mashine inafanya kazi, kabla hajapanda basi. Mama akikubali, ongea na mume au mama mkwe siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe akiwepo; ruhusa na nauli vikiachwa vijadiliwe nyumbani, miadi hupita. Hesabu nauli ya msindikizaji pia, maana mtoto anayenyonya lazima aende. Kikoba chenye mfuko wa jamii kinaweza kukopesha.

Akithibitika kuwa na ugonjwa huu, suala la uzazi wa mpango lisisubiri. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Mimba nyingine kabla moyo haujarudi katika nguvu zake inaweza kumuua, na mume aelezwe hivyo bila kuzungushwa, mama akiridhia.