Kereng'ende mwembamba, kabla jua halijamfikia

Kazi yangu ni picha za pasipoti, Tandika, kwa hiyo kutwa nzima niko chini ya taa. Asubuhi, kabla sijafungua kibanda, ndipo ninapopiga ninachokipenda mwenyewe: kereng'ende wembamba. Simsemi yule mnene anayetandaza mabawa hata akitua. Namsema mdogo wake, mwili kama njiti, akitua hukunja mabawa juu ya mgongo, na macho yake yamekaa mbalimbali, moja kulia na moja kushoto.

Cha kwanza ni saa. Maelekezo mengi ya Ulaya husema baridi ya usiku humduwaza mdudu, kwa hiyo utamkuta ametulia hata jua likiwa limepanda. Dar hatuna baridi hiyo. Hata Julai, jua likimpiga dakika chache tu ameshachangamka. Muda wako ni kati ya kupambazuka na jua kufika kwenye jani alilolalia. Saa 12 na robo mimi niko bondeni, saa 1 na nusu kazi kubwa imekwisha. Mwanga wa wakati huo unashuka kutoka anga lote, ni mpole, hauchomi mabawa wala hautupi kivuli cheusi. Siku za mawingu ya vuli nakaa hadi saa 3. Miezi ya kusi usichelewe kabisa, kwa sababu upepo ukianza, jani linayumba na hakuna picha tena.

Nawatafuta kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi, pembeni mwa visima vifupi vya kumwagilia, kwenye ndago na matete. Wa mkia wenye pete ya buluu, Ischnura senegalensis, simkosi. Wa rangi ya chungwa mwenye macho ya kijani, Ceriagrion glabrum, hupenda majani yaliyosongamana zaidi. Vaa gambuti, usiingie majini peku. Kichocho hakina mzaha. Na usitoe kamera kabla ya salamu. Bustani ni ya mtu. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja na keni zake mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeinama hapo, umepoteza kitu?"

Nikamweleza. Akaniruhusu, ila nisikanyage matuta.

Ukimwona, usimwendee mbio. Atafanya jambo moja ambalo mimi bado linanifurahisha: atazunguka nyuma ya bua na kujibana, bua likae kati yako na yeye. Mwili wote unafichika, macho mawili yanachungulia pande zote mbili. Usihangaike kumzunguka. Nyoosha mkono wako wa kushoto polepole upande wake wa nyuma, naye ataukwepa kwa kurudi upande wako. Ukimfanyia hivyo mara mbili tatu anazoea. Kivuli chako kisimpite, hicho humrusha.

Sasa hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia, na ningependa usome taratibu. Ukimpiga mzima, urefu wa sentimita tatu na kitu, kwa tundu la lenzi la f/8, sehemu inayotoka kali ina unene wa kama milimita mbili tu. Huwezi kushinda hesabu hiyo kwa kununua lenzi ghali. Unaishinda kwa mwili wako. Mgongo wa kamera ulale sambamba na mwili wake, kuanzia jicho hadi ncha ya mkia. Yeye akining'inia mshazari, nawe kamera iwe mshazari vilevile. Piga goti, lala kifudifudi, weka kiwiko kwenye tope ikibidi. Kisha angalia vitu viwili kwenye kioo: jicho, na lile doa dogo lililo karibu na ncha ya bawa. Vyote viwili vikiwa vikali, umelala sawa. Kimoja kikififia, inamisha kamera nyuzi chache, usisogeze fokasi. Fokasi mimi naiweka ya mkono na kuiacha, halafu nayumba mbele na nyuma kidogo sana, pumzi nimeibana, napiga picha nne mfululizo.

Kasi ya kamera isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kama umeshika kwa mkono. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 800 au 1600 haina ubaya. Chengachenga kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika haitibiki. Yule wa rangi ya chungwa mpunguzie mwanga kidogo, vinginevyo mwili wake unageuka bamba moja la rangi, pingili hazionekani.

Vifaa vyangu vya ziada vinaingia kwenye mfuko mmoja. Kijiti chenye kibanio cha nguo: nakichomeka ardhini, nabana bua chini kabisa, mtikisiko unapungua. Fremu ya kudarizia niliyoivisha bafta nyeupe, ya kuchuja jua likiniwahi. Kipande cha kadi nyeupe, nakiweka chini ya mdudu upande wa tumbo ili miguu isizame gizani. Flashi siibebi. Nyuma ya mdudu tafuta majani yaliyo mbali, mita moja au zaidi, yayeyuke kuwa rangi tupu. Jani moja likikatiza nyuma yake, usiling'oe, hama wewe.

Kuna wanaomweka mdudu kwenye friji apoe ndipo wampige. Naomba usifanye hivyo. Mdudu aliyepozwa miguu yake inashika bua vibaya, na anayewajua ataona. Zaidi ya hapo, amekaa majini muda mrefu akiwa mtoto kabla ya kupata mabawa, na maisha yake ya hewani ni mafupi.

Mwenye simu na lenzi ya kubandika afuate hayohayo, ila akubali kumpiga kichwa na kifua tu, maana lazima asogee mno.

Yule mama aliniomba aone. Nikamkuzia picha kwenye kioo. Aliitazama kimya, kisha akasema, "Kumbe ana miiba miguuni." Akashika keni zake, akanionyesha kwa kidevu tuta la mwisho, penye kisima kilichoota magugu. "Huko ndiko wanakolala wengi. Pitia ukingoni."