Somo: Kuifuata nishati ya seli kutoka jani la muhogo hadi futari

Wanafunzi wangu hapa Wete huandika kila mwaka kwamba "mmea hutengeneza nishati", nami kila mwaka huikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Hakuna seli inayotengeneza nishati. Seli huinasa, huiweka, kisha huitoa kidogo kidogo. Vifaa vya somo hili vinapatikana jikoni na katika duka la dawa.

Hatua ya 1: Kunasa

Chagua jani la muhogo lililo juani, likiwa bado mtini, na ufunike sehemu yake kwa karatasi ya foili juu na chini. Liache siku mbili, ulichume alasiri ya siku ya pili, kisha ulitie katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Baada ya hapo lizamishe katika gilasi ya spiriti iliyowekwa ndani ya beseni la maji ya moto, moto wenyewe ukiwa umezimwa kabisa, kwa sababu mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Jani litapauka na spiriti itageuka kijani. Lisuuze kwa maji ya vuguvugu ili lilainike, litandaze kwenye sahani na ulidondoshee iodini.

Sehemu iliyopata jua itageuka buluu nyeusi, na iliyofunikwa itabaki na rangi ya iodini yenyewe. Mpaka baina yake huonekana wazi kama pindo la kanga. Buluu hiyo ni wanga.

Kijani kilichohamia kwenye spiriti ni klorofili, ambayo hukaa ndani ya kloroplasti, vifuko vidogo vilivyo ndani ya seli za jani. Mwanga ukiipiga, elektroni zake, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi, hupanda ngazi ya nishati na kuondoka, na pengo lake huzibwa na elektroni za maji yanayopasuliwa hapo hapo. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya maji hayo, wala haitoki katika kabonidayoksaidi kama wengi wanavyodhani. Wanasayansi Ruben na Kamen walilionyesha jambo hili huko Marekani mwaka 1941 kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito, ambayo huweza kufuatiliwa inakokwenda. Elektroni zinapopita kwenye utando wa ndani wa kloroplasti, protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, husukumwa upande mmoja, nazo zikirudi hupita katika kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za seli) kinachozunguka kama gurudumu na kuunda ATP, molekuli ndogo inayobeba nishati ndani ya seli. Mwanasayansi Mwingereza Peter Mitchell alipoieleza njia hii mwaka 1961 wengi waliipinga. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel. ATP hiyo, pamoja na elektroni zilizobebwa, ndizo zinazogeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari.

Hatua ya 2: Kuweka

Sukari huyeyuka na kuvuta maji, kwa hiyo seli iliyojaza sukari tupu ingevimba. Mmea huiunganisha iwe wanga, usioyeyuka. Usiku wanga wa jani huvunjwa na kusafirishwa ukiwa sukari hadi mizizini, ambako hugeuzwa wanga tena: huo ndio muhogo unaoupikia futari. Mwili wa binadamu huweka glaikojeni, yaani wanga wa mwilini, takribani gramu 100 katika ini na gramu 400 katika misuli, na zaidi ya hapo huweka mafuta, ambayo gramu moja hubeba kilojuli 37 dhidi ya 17 za wanga.

ATP haimo katika orodha hiyo. Wanga ni mtungi, na ATP ni kata: huenda imejaa, hurudi tupu, hujazwa tena, na hakuna anayeweka maji ya wiki nzima ndani ya kata.

Hatua ya 3: Kutoa

Tia hamira na maji ya vuguvugu katika chupa mbili, moja uiongeze vijiko viwili vya sukari, kisha uvishe kila mdomo puto. Puto la chupa yenye sukari litasimama, kwa hewa ile ile inayotoboa vishimo katika mkate wa kumimina. Humo hamira haina oksijeni ya kutosha, hivyo huivunja glukosi (sukari sahili) nusu njia na kupata ATP 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi. Nishati nyingi hubaki katika kilevi kinachotoka, na ndiyo maana spiriti ya Hatua ya 1 inawaka. Penye oksijeni, mitokondria, yaani vifuko vya seli vinavyotoa nishati, huimaliza kazi hiyo na kupata ATP 30 hadi 32.

Maswali ya wasomaji

*Mwanafunzi, Chake Chake:* Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu cha skuli kinasema ATP 38. Niandike ipi?

Marahaba. Hesabu ya 38 ilidhani hakuna kinachopotea njiani. Ukweli ni kwamba baadhi ya protoni huvuja kwenye utando, na nyingine hutumika kusafirisha ATP kuitoa nje ya mitokondria. Katika mtihani fuata kitabu chako, lakini ujue kwamba 38 ni kikomo cha karatasini.

*Mkulima wa mwani, Jambiani:* Assalamu alaykum. Mwani wetu una wekundu, si kijani. Na wenyewe unanasa jua?

Wa alaykumu ssalaam, Bi. Ndiyo, klorofili imo, ila imefunikwa na rangi nyekundu inayonasa mwanga wa buluu na kijani unaopenya majini. Chovya kipande kibichi katika maji ya moto: rangi nyekundu huharibika kwa joto, na kijani hujitokeza. Usiupime kwa iodini ukitarajia buluu nyeusi, kwani wanga wake ni wa namna nyingine na hutoa wekundu wa hudhurungi.

*Mvuvi, Mkoani:* Mwalimu, mchana wa Ramadhani napiga makasia. Kwa nini kichwa kinakuwa chepesi na mikono bado ina nguvu?

Kaka, ini ndilo linalotoa glukosi kwenye damu inayolisha kichwa, na akiba yake hupungua kadiri saa zinavyopita tangu daku, hapo mwili ukiongeza kutumia mafuta. Misuli ina glaikojeni yake, lakini haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi itoke kwenda katika damu. Mkono wako hauwezi kukikopesha kichwa. Wepesi ukizidi, huenda pia ni upungufu wa maji kwa jasho la juani. Weka makasia chini na utafute kivuli.