Chujio la Barua Taka Lisipofanya Kazi kwenye Evolution

Evolution, programu ya barua pepe ya eneokazi la GNOME kwenye Linux, haipimi barua taka yenyewe. Barua mpya inapoingia huikabidhi kwa programu nyingine, ama Bogofilter ama SpamAssassin, kisha hungoja jibu. Kwa hiyo taka zinapoanza kurundikana kwenye Inbox, jambo la kwanza la kuchunguza ni kama barua hizo zinalifikia chujio. Hapa tutashughulika na Bogofilter, ambayo ni nyepesi na inaifaa zaidi kompyuta yenye kumbukumbu ndogo.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) utaipu `bogofilter -V`. Usipoonyeshwa namba ya toleo, programu haijasakinishwa. Kwenye Debian na Ubuntu tumia amri `sudo apt install bogofilter evolution-plugin-bogofilter`. Kifurushi cha kwanza peke yake hakitoshi, kwa sababu cha pili ndicho kinachoiunganisha Bogofilter na Evolution. Baada ya hapo funga kila kitu kwa `evolution --quit`, kisha uifungue upya.

Sasa nenda kwenye Edit, Preferences, Mail Preferences, na kichupo cha Junk, uhakikishe kwamba ukaguzi wa barua zinazoingia umewashwa na Bogofilter ndiyo iliyochaguliwa. Hapo hapo pana ruhusa ya kutozihesabu kuwa taka barua za watu waliomo kwenye kitabu chako cha anwani. Ruhusa hiyo ni nzuri, lakini ikiwa umeweka humo anwani yako mwenyewe, tapeli anayeighushi na kujifanya ni wewe atapita bila kupimwa. Wenye akaunti ya IMAP, yaani ambayo barua zake hubaki kwenye seva, wana swichi nyingine, nayo husahaulika mno: imo kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe, chini ya Receiving Options, na isipowashwa barua mpya za akaunti hiyo hazikaguliwi.

Yote hayo yakiwa sawa na taka bado zinapita, tatizo kwa kawaida ni mafunzo. Bogofilter hulinganisha maneno ya barua na yale iliyokwisha kuyaona katika barua taka na barua njema, kwa hiyo inahitaji mifano ya pande zote mbili. Mtumiaji hubonyeza Ctrl+J kila aonapo taka, lakini barua njema haziwekei alama yoyote. Angalia hesabu kwa amri hii:

`bogoutil -w ~/.bogofilter .MSG_COUNT`

Utaona safu mbili, spam na good. Ukikuta mamia upande mmoja na barua tatu upande wa pili, umeugundua ugonjwa. Chagua barua njema nyingi za aina mbalimbali, zihifadhi zote katika faili moja kwa Save as mbox, kisha zifundishe mara moja tu:

`bogofilter -M -n < njema.mbox`

Sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu hapa. Ikiwa barua zako njema karibu zote ni za Kiswahili na taka zote ni za Kiingereza, chujio litajifunza kwamba maneno ya kawaida ya Kiingereza ni dalili ya taka, na taarifa ya benki au barua ya chuo itaishia kwenye folda ya Junk. Katika faili hilo changanya barua njema za lugha zote unazotumia.

Kujua kwa nini barua fulani imepita, ihifadhi peke yake utaipu `bogofilter -v < barua.mbox`. Jibu litakuwa Spam (taka), Ham (barua njema) au Unsure (haina hakika), pamoja na alama kati ya 0 na 1. Kwa mipangilio ya kawaida barua huhesabiwa kuwa taka ikifikia 0.99. Alama ya 0.52 kwa kila barua maana yake hazina ya maneno ambayo Bogofilter imejifunza ni tupu.

Ukiona kosa linalotaja `wordlist.db`, usikimbilie kulifuta faili hilo, kwani ndimo yamo mafunzo yote. Funga Evolution, nakili folda nzima kwa `cp -a ~/.bogofilter ~/bogofilter-akiba`, kisha jaribu kuyatoa maneno kwa `bogoutil -d ~/.bogofilter/wordlist.db > maneno.txt`. Maneno yakitoka, ondoa faili la zamani ujenge jipya kwa `bogoutil -l ~/.bogofilter/wordlist.db < maneno.txt`. Yasipotoka, anza na hazina tupu, ukifundisha barua njema na taka kwa pamoja tangu siku ya kwanza.