Jinsi ya Kuhakiki Shahada Kabla ya Kumpa Mtu Kazi

Mimi huajiri watu hapa Kisumu: walimu wa shule za kibinafsi, wahasibu wa sacco, wauguzi wa zahanati. Mwongozo huu ni wa wenzangu ambao hawana idara nzima ya rasilimali watu: mwenye shule Kondele, mwenyekiti wa sacco Ahero, daktari mwenye zahanati Luanda. Kanuni ya kushika ni moja tu. Usipite njia ambayo cheti chenyewe kimekuonyesha. Nambari ya simu iliyo chini ya cheti, tovuti iliyoandikwa kwenye transkripti (karatasi ya masomo na alama zake), barua ya uthibitisho iliyobanwa nyuma yake, vyote vichukulie kana kwamba havipo.

Nasema hivyo kwa sababu wengi bado wanawaza cheti bandia cha River Road, mtaa wa Nairobi unaosifika kwa karatasi za kughushi, kile ambacho jina la chuo cha kweli limepachikwa kwenye karatasi ya kughushi. Siku hizi kuna balaa jingine, vyuo hewa vya mtandaoni. Hapo karatasi haina kasoro hata ukiimulika kwa tochi, maana aliyeichapisha ndiye “chuo” chenyewe. Mnamo Mei 2015 gazeti la The New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo. Ilikuwa na wahudumu wa simu waliojifanya maafisa wa chuo, na hata mashirika ya ithibati, yale ya kuthibitisha kwamba chuo ni halali, ilijitungia yenyewe. Ukipiga simu kuuliza, unajibiwa kwa heshima zote kwamba ndiyo, huyo alisoma hapa.

Hatua ya 1: Pata idhini kwa maandishi

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uwe na msingi halali wa kupekua taarifa za mtu, na vyuo vingi havitakujibu bila idhini yake. Andaa fomu ya ukurasa mmoja: jina kamili, nambari ya kitambulisho, chuo, nambari ya usajili ya mwanafunzi, mwaka wa kufuzu, sahihi. Mpe kila aliyeorodheshwa kwa mahojiano, usimchague unayemshuku tu. Wapo watakaoichukua fomu na usiwaone tena. Usiwafuate.

Hatua ya 2: Panga miaka kwenye karatasi

Hii haina gharama, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chora mstari, uweke mwaka wa KCSE (mtihani wa kidato cha nne), mwaka wa kuingia chuoni, mwaka wa kufuzu, na miaka ya kazi kama ilivyo kwenye wasifu. Shahada ya kwanza hapa kwetu kwa kawaida ni miaka minne. Mtu aliyemaliza kidato cha nne 2014 na kufuzu 2016 ana maelezo ya kutoa.

Kisha linganisha jina la chuo na umri wa chuo. Vyuo vyetu vya huku magharibi vimebadilisha majina, na waghushi hawajui historia. Kibabii kilikuwa chuo kishirikishi cha Masinde Muliro hadi kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, kwa hiyo shahada iliyoandikwa “Kibabii University” na kutiwa tarehe ya 2013 haiwezekani. Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo kilikuwa chini ya Maseno hadi 2013. Maseno chenyewe kilikuwa chini ya Moi hadi 2001. Masinde Muliro kabla ya 2007 kilikuwa na jina lingine kabisa.

Hatua ya 3: Anza chini, si juu

Watu hukimbilia shahada na kusahau KCSE. Baraza la mitihani, KNEC, huthibitisha matokeo kupitia mfumo wake wa mtandaoni kwa ada. Ukiwa na nambari ya mtahiniwa na mwaka, jibu litatoka kwao moja kwa moja hadi kwako. Alama ya C+ ndiyo mlango wa kawaida wa kuingia shahada, lakini aliyepata chini yake anaweza kuwa alipitia stashahada kwa jasho lake. Usimhukumu, mwambie akuonyeshe stashahada hiyo, nayo uihakiki.

Ukaguzi ulioagizwa na Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 2022 ulifichua zaidi ya vyeti ghushi 2,000 katika taasisi za serikali, na hao ni watu waliokuwa kazini tayari, wakilipwa mishahara.

Hatua ya 4: Chuo cha Kenya

Fungua orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwenye tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Andika anwani mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Kutoka hapo nenda kwenye tovuti ya chuo, ambayo kwa kawaida huishia kwa .ac.ke, utafute barua pepe ya msajili wa masomo. Mwandikie barua fupi: unaomba kuthibitishiwa kama fulani, nambari fulani, alifuzu shahada fulani, mwaka fulani, na daraja lake. Ambatanisha nakala ya cheti na fomu ya idhini.

Kama chuo kiko karibu, mimi hupendelea kwenda mwenyewe. Maseno ni mwendo wa matatu tu kwenye barabara ya Busia. Omba pia kuangalia kitabu cha mahafali cha mwaka huo, kile kilichoorodhesha majina ya waliofuzu. Mtu ambaye jina lake halimo anaweza kuwa alichelewa kulipa karo au alifuzu mwaka uliofuata, kwa hiyo kitabu hicho ni dalili tu, na neno la mwisho ni la msajili.

Stashahada za vyuo vya ufundi huchunguzwa kwa TVETA, mamlaka ya vyuo hivyo, kuhusu chuo, na kwa KNEC au KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ikiwa wao ndio waliotahini. Muuguzi, mwalimu au mfamasia ana daftari lake la usajili kwenye baraza, bodi au tume ya taaluma yake. Angalia hapo kwanza, utaokoa wiki nzima.

Hatua ya 5: Chuo cha nje

Hapa ndipo vyuo hewa hukaa, kwa hiyo tulia.

Tazama mwisho wa anwani ya tovuti. Vyuo vya Uingereza kwa kawaida huishia kwa .ac.uk. Lakini .ac peke yake, bila herufi za nchi nyuma yake, ni ya kisiwa cha Ascension kule Atlantiki, na yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuinunua. Kisha tafuta tarehe tovuti iliposajiliwa kupitia huduma ya bure ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Chuo kinachodai kimefundisha tangu 1970 na anwani yake ina miaka mitatu, hicho ni duka.

Soma transkripti polepole. Niliwahi kuletewa moja ya uzamili wa biashara yenye muhuri wa dhahabu uliovimba, karatasi nzito kuliko ya hati ya shamba. Tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kufuzu zilikuwa za mwezi mmoja, na masomo yote yalikuwa na alama A, huku nusu yake yakihesabiwa kwa “uzoefu wa maisha”. Nilipouliza, nikajibiwa, “Madam, chuo kiko Marekani, saa hizi wamelala.” Nikasema basi tungoje waamke. Bado tunangoja.

Usibabaishwe na mihuri ya serikali za kigeni. Axact iliwauzia wateja wake hadi hati za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zenye jina la waziri wa wakati huo, John Kerry. Mhuri wa namna hiyo huthibitisha sahihi ya ofisa aliyetangulia kutia sahihi, basi. Hausemi lolote kuhusu darasani. Na vyuo hewa haviulizi hata mteja ni nani: mwaka 2004 paka aitwaye Colby Nolan, wa Marekani, alipewa shahada ya uzamili wa biashara na “chuo” kimoja cha Texas, na mwanasheria mkuu wa Pennsylvania akakishtaki.

Shahada za Uingereza zihakiki kupitia Hedd, huduma ya huko ya kuthibitisha shahada. Za Marekani, tafuta chuo kwenye hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya huko kuona kama kina ithibati, kisha mwandikie msajili. Za Uganda, ambazo sisi wa karibu na Busia na Malaba tunazipata kila siku, uliza Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, NCHE, kuhusu chuo, na msajili kuhusu mwanafunzi. Mwisho mwambie mwombaji mwenyewe apeleke shahada yake CUE itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Mwenye cheti halali hulalamika kuhusu ada na kungoja, lakini huenda.

Hatua ya 6: Jibu likirudi baya

Mwite, mwonyeshe jibu, mpe nafasi aeleze kwa maandishi. Mabinti hubadilisha majina wakiolewa, na makarani hukosea nambari, kwa hiyo mwandikie msajili mara ya pili ukiwa na jina la zamani. Jibu likibaki lile lile, usipatane naye kwa siri ajiondoe aende kudanganya kwingine. Kughushi hati ni kosa la jinai, kifungo chake ni hadi miaka mitatu chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu. Ripoti DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kama ni pesa za umma, EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Kwa walio kazini tayari, watangazie wote siku moja, wakubwa kwa wadogo, na faili yako mwenyewe iwe ya kwanza mezani. Halafu anza na wanaoshika pesa na wanaogusa wagonjwa. Kila jibu liweke kwenye faili la mhusika pamoja na bahasha au barua pepe lililokuja nayo, ili mkaguzi akija aone lilitoka wapi.