Singeli ya majaribio: sikiliza kwanza, uponde baadaye

Albamu mpya ya singeli (muziki wa kasi wa Dar es Salaam) isiyo na mwimbaji ukiisikiliza kwa spika ya simu, utaiita kelele. Hata mimi niliita hivyo. Vaa hedifoni, au nenda kwa jirani mwenye spika kubwa. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, usihangaike kuyafuata yote: shika besi, tikisa kichwa kila pigo la pili. Kinanda kilichokatwakatwa kutoka taarabu au mchiriku (muziki wa mitaani wa Dar) kitajitokeza chenyewe.

Ukitoa maoni, taja wimbo na dakika: “dakika ya tatu ngoma inakatika ghafla, nimependa.” “Mbaya” tupu haitusaidii. Binamu yangu aliuponda mkusanyiko mzima wa nyimbo za singeli, Sounds of Sisso wa 2017, kumbe alisikiliza nyimbo mbili tu, tena akiwa kwenye daladala.