Dawa ya Kupe Haiingii Mzingani

Wafugaji wa nyuki wa Karen, Kasarani na pande za Ngong, hebu tuelewane: wapo wanaotia dawa ya kupe mzingani ili kuua varoa, utitiri wanaowanyonya nyuki. Dawa ya kupe wa ng'ombe haiingii mzingani, hata kwa kitambaa kilichochovywa na kulazwa chini ya masega. Yenye saipamethrini huua nyuki wenyewe. Yenye amitrazi huacha mabaki kwenye nta na asali. Zipo dawa za amitrazi zilizotengenezewa nyuki, ila ile ya josho si mojawapo.

Tena, umehesabu utitiri? Varoa waliripotiwa Kenya 2009, na nyuki wetu wengi wanaishi nao. Ukikuta mzinga mtupu, hakuna mizoga na asali imekwisha, huenda nyuki wamehama kwa njaa, siafu au nondo wa nta. Usimsingizie utitiri.

Macho hayatoshi. Utitiri una upana wa kama milimita 1.6, hujibana tumboni mwa nyuki, na wengi wako ndani ya seli zilizofunikwa. Pima hivi, jioni, moshi ukiwa tayari. Toboa kifuniko cha mtungi, weka wavu wa matundu ya milimita 3. Pima maji mililita 120, weka alama, mwaga, kausha kabisa. Toa sega lenye majana (watoto wa nyuki), hakikisha malkia hayupo juu yake, kung'uta nyuki kwenye beseni, kisha chota hadi alama: hao ni kama 300. Wanaochota nyuki wa mlangoni wanajidanganya. Utitiri hupenda nyuki walezi, walio kwenye majana.

Tia vijiko vikubwa 2 vya sukari ya unga, ikiwa kavu. Ikishika unyevu haiangushi kitu. Viringisha mtungi taratibu, uache dakika 2, kisha upindue na kuutikisa kwa nguvu dakika nzima juu ya beseni jeupe. Dakika nzima, si mara tatu halafu basi! Nyunyizia maji sukari iyeyuke, hesabu vidoa vyekundu, gawa kwa 3. Rudisha nyuki mzingani, wako hai.

Ukipata zaidi ya 3 kwa nyuki 100, kata sega la madume lililokwisha kufunikwa, maana utitiri huzaana humo zaidi. Likate kabla ya siku ya 24 tangu mayai kutagwa, uligandishe au uwape kuku. Ukichelewa, madume watatoka na utitiri wao, na utakuwa umeufuga utitiri wewe mwenyewe. Rudia kupima baada ya wiki 4. Idadi ikishuka, vizuri.